Mlango Unaofungika

9 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu. Mama yako hajambo. Mkono wa kushoto bado haumtii tangu kile kiharusi, ila ulimi umefunguka na ameanza kutuagiza kama zamani. Anashinda pale dirishani, na kila apitaye uani anapata lake. Pacha wameng'oka meno ya mbele kwa wakati mmoja, sasa wakiongea ni miluzi mitupu. Fundi ni yuleyule mdogo wako unayemjua: yuko gereji kutwa, maneno machache, mafuta mengi kwenye kola.

Nakuandikia kwa sababu simu haishiki huko kwako kwenye mitambo ya maji, na hata kama ingeshika, hapa kwetu ukisema neno kwenye simu nyumba nzima inachangia.

Wifi, Jumanne niliutupa upawa ukutani. Pale kazini, jikoni hospitali, mbele ya wapishi wote. Binti mmoja mgeni alikuwa ametia chumvi mara mbili kwenye supu ya wodi ya wazee. Ni kosa la kawaida, nami nililifanya nilipoanza. Lakini nilisikia kitu kinakatika kifuani, na mkono ukarusha kabla sijauambia. Upawa ulipita karibu na sikio lake. Niliingia stoo nikasimama katikati ya magunia, na nilipotaka kumwomba Mungu anisamehe nikakuta sina pa kuanzia. Nilikuwa kama mtu aliyekwenda kubisha kwa jirani akagundua amesahau hata jina lake.

Sijaacha kanisa, unajua. Jumapili nipo, na chakula tunakiombea. Lakini kukaa mimi na Mungu peke yetu, hata siikumbuki mara ya mwisho. Nimejaribu. Nilijifungia chooni, pacha wakaja kugonga kuuliza kama nimo, na nilipojibu nimo wakauliza ninafanya nini. Nilijaribu kupiga magoti kitandani kabla ya kulala, Fundi akanikuta asubuhi nimelala kifudifudi miguu ikining'inia, akanipeleka kupimwa presha. Tumefundishwa tangu utotoni kuingia chumbani na kufunga mlango. Sasa mwenye vyumba viwili, watu watano, na mlango ulioshikwa na kamba, afanyeje?

Wewe unaishi peke yako, nyumba nzima kimya. Najua unasali kama malaika. Nifundishe.

Wifi yako,
Mama Pacha


20 Februari

Mama Pacha wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, sikungoja hata kuvua buti. Kwanza pole. Pili, kamwombe radhi yule binti, na umwombe mbele ya walewale waliouona upawa ukipaa.

Kuhusu sala, usinipandishe cheo. Ni kweli huku kimya ni kingi. Tuyaache hayo.

Hili moja tu nalijua. Usitafute saa nzima, hutaipata, na kila utakapoikosa utajiona umeshindwa. Tafuta dakika chache, na kabla ya dakika tafuta mlango. Mtu akishakuwa na mlango unaofungika, hizo dakika zinamfuata zenyewe. Nimekaa nikawaza nyumba yenu yote, kuanzia sebuleni kwa Mama hadi kwenye banda la kuku, na nimekumbuka kitu. Ile pikapu ya mdogo wangu, iliyokufa injini na biashara yake ya kubeba mizigo ikafa nayo, si bado iko pale nyuma ya nyumba juu ya mawe? Nilipokuja mara ya mwisho mlango wa kushoto ulikuwa unafunga vizuri kuliko mlango wa nyumba yenu.

Utanicheka. Lakini fikiria.

Wifi yako,
Bomba

(Waambie pacha Shangazi Bomba anawasalimu. Hapa kazini nao wameanza kuniita hivyo, sijui nani amewaambia.)


6 Machi

Wifi,

Nimefanya.

Naamka kabla ya wote, naweka maji ya chai motoni, natoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Siku ya kwanza niliketi kwenye kile kiti kilichopasuka, nikafunga mlango, nikavuta kioo juu, nikangoja. Hakuna kilichotokea. Niliwaza supu, nikawaza sare za pacha, nikawaza kama nilizima jiko. Nikarudi ndani nimekasirika. Siku ya pili nililala. Siku ya tatu nililia, na sikujua ninalia nini. Nilikuwa nalia tu, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza nina nini wala wa kunilazimu ninyamaze kwa ajili yake. Wifi, ilikuwa raha.

Baada ya hapo nikaanza kuzungumza. Wala si sala za kusimama mbele za watu. Namwambia Mungu mambo yalivyo: kwamba namwogesha Mama na ninampenda lakini mgongo unaniuma, kwamba namkumbuka Fundi wa zamani aliyekuwa akiimba besi akifunga boliti. Siku moja nilimsimulia jinsi pacha walivyobishana nani ana pengo kubwa, nikacheka kwa sauti peke yangu mle ndani. Kisha huwa nanyamaza. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa siijui, kunyamaza na kutojiona mpweke.

Yule binti nilimwomba radhi mbele ya wote kama ulivyosema. Sasa ananifuata kila kona kuniuliza mambo. Na juzi msimamizi mkuu alikuja jikoni akifoka kuhusu chakula kilichochelewa wodini. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamweleza, na sauti yangu haikupanda. Aliondoka akiwa ameshusha mabega. Wapishi wakaniuliza nimekunywa dawa gani.

Ombi moja. Usimwambie mdogo wako. Ile pikapu ni kidonda chake, hapendi mtu aiguse, mwenyewe hata kuiangalia haiangalii. Na nitamwelezaje kwamba nyumba ina mgonjwa na watoto, na mimi nimekwenda kukaa kwenye gari bovu? Ataona nawakimbia. Niahidi.

Mama Pacha


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Unajua mimi na kalamu hatuelewani, kwa hiyo ukiona nimeandika ujue kuna jambo.

Mke wangu anatoka alfajiri. Nilidhani anakwenda bafuni. Juma lililopita nikainuka kumtazama kwa upenyo wa mlango wa nyuma. Anaingia kwenye pikapu, anafunga vioo, anaongea. Midomo inakwenda, dada. Mara anatulia kama anayesikiliza, kisha anaongea tena. Jana alicheka. Sikioni sikuona simu, lakini siku hizi watu wanaweka vitu masikioni, nani ajue.

Kama angekuwa amenuna ningesema ni uchovu. Lakini amebadilika, ameng'aa. Hanigombezi tena. Nikichelewa ananipakulia chakula na kuniuliza habari za kazi, na anangoja jibu. Mwanamke hang'ai hivyo bure. Na mimi nafika nyumbani nanuka grisi, sina neno tamu la kumwambia, biashara yangu ilikufa na kila akiingia kwenye gari lile ni kama anakaa juu ya kaburi langu na mtu mwingine kwenye simu.

Nyie ni marafiki. Kama unajua kitu, niambie kabla sijafanya langu.

Mdogo wako,
Fundi


8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Naam, ninajua. Na nimeahidi kunyamaza, kwa hiyo sitasema. Lakini nakuapia kwa jina la baba yetu, hakuna mwanamume. Muulize mkeo mwenyewe. Muulize kwa upole, nawe uwe umekaa, usiwe umesimama mlangoni na funguo mkononi kama ilivyo kawaida yako. Usifanye lolote kabla ya kumuuliza.

Barabara huku imekatwa na mvua, sijui barua hii itafika lini. Naomba iwahi.

Dada yako


14 Aprili

Wifi,

Pikapu haipo.

Nilirudi kutoka kazini Jumamosi nikakuta yale mawe, na katikati yake doa la mafuta, na majani yaliyopauka kwa kukosa jua. Fundi alisema amewauzia watu wa chuma chakavu, gari lilikuwa linaziba ua. Aliyasema hayo akiwa amenipa mgongo. Niliingia ndani nikapika, nikaosha, nikamgeuza Mama upande, na usiku wote nilikuwa na uzito kama wa siku ile ya upawa. Niliona kesho nitaanza tena kutupa vitu.

Sasa sikiliza. Jumapili alfajiri niliamka saa ileile, mwili umeshazoea. Nikaweka maji motoni. Nikafika mlango wa nyuma nikasimama, naenda wapi? Nikaenda hukohuko. Nikaketi juu ya jiwe moja, hadharani, dirisha la Mama mbele yangu na dirisha la jirani nyuma yangu, bila kioo wala mlango. Nikafumba macho. Wifi, alikuwepo. Kila kitu nilichokuwa nakipata mle ndani kilikuwa pale nje kinaningoja. Gari waliliburuta, lakini Mungu hakuondoka nalo.

Nimeketi hapo kila asubuhi tangu siku hiyo. Jirani aliniona akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia la, nimepata. Naona anadhani nimechanganyikiwa, na mwenzio sijali. Mimi ambaye nilikuwa natoka kama mwizi.

Kinachoniuma ni Fundi. Hanitazami usoni. Sijui nimemkosea nini.

Mama Pacha


25 Aprili

Dada,

Barua yako imefika jana. Imechelewa. Niliuza pikapu kwa hasira, na ninajua utakavyosema, kwa hiyo subiri kwanza nimalize.

Asubuhi moja wiki iliyopita kulikuwa na manyunyu. Niliamka nikakuta kitanda kitupu, nikaenda sebuleni kuchungulia. Mama alikuwa ameamka, yuko pale dirishani. Nikasimama nyuma yake. Mke wangu alikuwa uani juu ya jiwe, kanga kichwani imelowa, viganja vimefunguka magotini, midomo inakwenda. Hana simu, hana kitu masikioni, na kule nje hakuna mtu. Nilitazama mpaka miguu ikafa ganzi.

Mama akasema bila kugeuka, "Umeuza kanisa la mkeo."

Nilimuuliza kama alijua siku zote. Alijua. Dirisha lake linatazama palepale, na asubuhi zote hizo alikuwa akisali naye, huyu ndani na yule nje, bila mwenzake kujua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kila siku nampita pale kama ninavyopita nguzo ya umeme, na nguzo haisimulii. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu augue.

Mke wangu aliporudi ndani nilimuuliza alikuwa akiongea na nani kwenye gari.

"Na Mungu," akasema. "Ulidhani nani?"

Akalisoma jibu usoni kwangu. Kwanza alicheka. Kisha akakaa chini na kulia, na afadhali angenifokea. Siku hiyo sikufungua gereji. Nilikwenda kwa wale wa chuma chakavu, nikakuta wameshalikata vipande. Nikarudi nikamwambia nitamjengea chumba, nitaezeka, nitatia mlango wenye kitasa cha kweli. Nilikuwa tayari nimebeba futi ya kupimia. Akanishika mkono ulioshika ile futi.

"Sitaki chumba," akasema. "Nataka asubuhi."

Kwa hiyo nimempa. Tangu siku hiyo, asubuhi ni zake na mimi ndiye ninayewasha moto. Leo pacha wamekwenda shule kila mmoja na sare yenye jina la mwenzake, mwalimu amewachanganya siku nzima nao wakanyamaza kimya wakifurahi. Mama ananiambia namwogesha kama ninaosha gari. Anasema hivyo akicheka. Huwa tunaongea, mimi naye, nikimsugua mgongo. Ameniomba nimwimbie, nikaimba, na besi bado ipo.

Namwomba mke wangu msamaha kila siku. Ameniambia inatosha, nikiendelea nitamharibia kimya.

Mdogo wako,
Fundi


19 Mei

Wapendwa wangu wote wawili,

Isomeni pamoja, na mmsomee na Mama.

Mama Pacha, uliniambia nasali kama malaika nikakwepa. Tangu nilipomzika mume wangu, nyumba hii ina redio jikoni na nyingine chumbani, na nikienda kuoga nabeba redio ya kazini. Siku umeme ukikatika nakwenda kukaa kwenye mitambo usiku kucha, kwa sababu pampu zinanguruma kwa jenereta. Kimya ulichokuwa unakitafuta kwa machozi mimi nilikuwa nakikimbia. Kila barua yako niliisoma redio ikipiga kelele.

Ile ya mawe niliisoma mara nyingi. Mtu amenyang'anywa mlango na kioo na kiti, na bado ameketi. Mimi nina vyumba vitatu vyenye milango inayofunga, naogopa kuingia hata kimoja. Jumapili moja nilizima redio ya jikoni, nikazima ya chumbani. Wifi, kishindo cha kimya kile nusura kinitoe nje. Nikakishika kiti kwa mikono miwili. Alikuja kwanza mume wangu, yaani kumbukumbu zake zote nilizokuwa nimezifungia nje, nikamlilia kama nilivyopaswa kumlilia siku ya mazishi badala ya kuwapangia watu viti. Kulipotulia, nilikuta siko peke yangu. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, na wewe huhitaji kuelezwa.

Redio moja nimempa mlinzi. Nyingine naifungulia taarifa ya habari tu.

Sasa sikilizeni mipango yangu. Nina likizo Julai na ninakuja. Kuna nyumba ya mafungo kule milimani, masista wanapokea mtu yeyote anayetaka kukaa kimya na kusali. Nimeshaandika, nafasi ipo kwa siku chache, na mwenye nafasi hiyo ni Mama Pacha. Hospitali ataomba ruhusa. Mimi na Fundi tutamwangalia Mama na pacha. Wifi, usianze kuniambia nani atapika. Mimi ni mhandisi, siwezi kushindwa na sufuria.

Bomba


17 Julai
Nyumba ya mafungo

Wifi yangu, na Fundi wangu, na Mama,

Kesho nashuka, na huenda nikaitangulia barua hii. Naiandika hivyohivyo kwa sababu nikifika nitaanza kuuliza nani amekula.

Ruhusa nilipewa bila maneno. Msimamizi mkuu alisaini, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mahali hapa pako wapi na kama wanapokea watu kama yeye. Yule binti wa supu ndiye anayeshika jiko langu wiki hii. Nilipomkabidhi upawa tulitazamana, tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Hapa hatuzungumzi. Tunakula kimya, tunapishana kimya, mtu anakupa chumvi kwa macho. Chumba changu kina kitanda, meza na dirisha. Siku ya kwanza niliamka alfajiri nikaruka kuweka maji motoni, nikakumbuka hakuna anayeningoja. Niliketi kitandani nikicheka kama mjinga. Wifi, nilikuja nikidhani nitaomba mambo mengi, nilikuwa na orodha kichwani, kila mmoja wenu na shida zake. Niliwataja wote, kisha maneno yakaisha, na siku zilizobaki nimekaa tu mbele zake nikipendwa. Sikujua kwamba hiyo nayo ni sala. Nilidhani ni uvivu.

Sijui kama nitakuwa mtulivu daima. Najua nitarudi kwenye kelele, na ninazitamani kelele zenu. Lakini siogopi tena kurudi. Jambo hili haliko milimani. Nimekuja nalo kutoka nyumbani, na nitashuka nalo.

Sasa niwaambie nilichokifanya leo, msinicheke. Asubuhi nilipanda kilimani nyuma ya kikanisa. Jua lilikuwa linachomoza, mashamba yote kule chini yanawaka. Nilisimama nikitaka kushukuru, nikatafuta neno nikalikosa. Kifua kikajaa. Wifi, ni kifua kilekile ambamo kitu kilikatika siku ya supu. Nilijua mahali hapa panatunzwa kimya. Nilijua masista wako kwenye sala. Nikajiziba mdomo kwa kanga. Haikusaidia. Nikapiga kigelegele.

Kilikwenda mpaka ng'ambo ya bonde kikarudi. Nikasimama pale nimeganda, nikisubiri mtu atoke kunifukuza.

Kule chini, mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka mpishi, mama mnene ambaye siku zote hizi sijasikia sauti yake hata mara moja, aproni kiunoni, kikombe mkononi. Akatazama juu, akaniona. Akaweka kikombe chini kwenye ngazi, taratibu, akajifuta mikono. Kisha akainua kichwa akanijibu kwa kigelegele kirefu kuliko changu, na madirisha ya nyumba nzima yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine.

Wenu,
Mama Pacha